Povu Lililokataa Kuvunjika

Siku ya 8, mwezi wa pili. Siku ya Panya.

Nimeanza. Sikutaka, nimelazimishwa na Mtawa Mkuu Juehai. Alipita asubuhi mbele ya nyumba yangu ya chai akanikuta namwagia Mzee wa Chai maji ya moto. Akaguna.

Mzee wa Chai ni sanamu ya udongo, urefu wa shibiri moja, anakaa kwenye rafu juu ya jiko. Kila muuza chai anaye. Biashara ikichangamka, tunamwekea maua na chungwa. Biashara ikilala, anamwagiwa maji yanayochemka kichwani mpaka azinduke. Ndiyo kazi yake! Lakini Mtawa akasema kwamba mtu anayemchoma mwenzake kila asubuhi hawezi kuwa na utulivu, hata kama mwenzake ni wa udongo. Akanipa daftari hili. Niandike kila siku jambo la kushukuru, angalau moja, na nisimwonyeshe mtu.

Sawa. Wateja wa leo: watatu. Mmoja alikuwa anauliza njia. Mmoja alilala. Wa tatu ni shemeji yangu Tao Yong, mfuga bata, na huyo hakuja kunywa. Alikuja na kamba ya kupimia. Anapima kuta zangu, kuta zangu mimi Fan Deshou, aone zitaingia ndoano ngapi za kuning'inizia bata wa chumvi!

Kisa chenyewe ni maji. Chemchemi nzuri mjini ni moja, ya hekalu. Kila mwaka, siku ya kumi na tano ya mwezi huu, wenye nyumba za chai hushindana mbele ya hekalu, na mshindi ndiye anayechota chemchemi mwaka mzima. Siku hizi tumebaki wawili tu, mimi na Bibi Xue, mjane wa ng'ambo ya daraja. Ameshinda miaka mitatu mfululizo. Miaka mitatu mimi nachota mtoni, chini kidogo ya pale nyati wanapooga. Chai yangu inanukia nyati. Kwa hiyo tumekubaliana, mimi na Yunniang mke wangu, mbele ya kaka yake: nikishindwa na mwaka huu, nyumba ya chai inafungwa na mimi naingia kwenye bata. Nitapewa kazi ya kunyonyoa.

Zimebaki siku saba.

Shukrani ya leo: paa la Bibi Xue linavuja. Nimeona kwa macho yangu.


Siku ya 9. Siku ya Ng'ombe.

Mpango! Ukitaka kumshinda mtu, mchunguze. Nikavaa kofia pana ya mkulima, nikajipaka masizi shavuni, nikabeba mafagio manne, nikavuka daraja kwenda kwa Bibi Xue nikijifanya muuza mafagio. Sauti nimeibadilisha. Mwendo nimeubadilisha. Hata mama yangu asingenijua.

Bibi Xue hakuinua hata kichwa. Akasema, "Deshou, sogeza hiyo kofia, utajigonga na nguzo."

Nikajigonga na nguzo.

Ikabidi nikae. Akanipekechea chai mbele ya wateja wake wote, na walikuwa wengi mno, sikuwahesabu zaidi ya mara mbili. Nikakodoa macho. Unga wa chai kwenye bakuli jeusi, maji kidogo, halafu upekecho wa mwanzi, wenye meno membamba kama ufagio mdogo, taratibu, kisha kasi, kisha taratibu. Povu likapanda jeupe, likashika ukingo wa bakuli, likatulia tuli. Mashindano yetu yote yako hapo. Povu la nani litaanza kujitenga na bakuli na kuacha mstari wa maji? Huyo kashindwa. La Bibi Xue lilidumu mpaka nikamaliza kunywa. La kwangu kwa kawaida hudumu mpaka nimalize kupiga chafya.

Akaniuliza kama siku hizi napasha bakuli moto kabla ya kuweka unga. Ndiyo yaleyale! Nilipokuwa na miaka kumi na minne nikijifunza kazi kwake, kila siku ni pasha bakuli, Deshou, pasha bakuli. Nilimkimbia kwa sababu ya neno hilo. Mtu mwenye akili hawezi kukaa anapasha vyombo. Siri yake ni maji ya chemchemi, basi, na anaficha kwa maneno ya mabakuli.

Shukrani: chai ilikuwa nzuri. Nimeandika kwa shingo upande. Halafu alinunua fagio langu moja.


Siku ya 11. Siku ya Sungura.

Siku ya bahati yangu, maana bakuli langu jeusi lina michirizi kama manyoya ya sungura. Nikasema leo ni leo.

Mpango: maji ya chemchemi niyapate mimi mwenyewe, siku nne kabla, nifanyie mazoezi. Kuchota bila ruhusa ni kosa, lakini kusali si kosa. Nikachukua bomba la mwanzi, urefu wa mkono, nikalifunga kiunoni ndani ya joho, mdomo wake ukichungulia mbele. Nikaenda hekaluni mchana kweupe, nikapiga magoti kando ya chemchemi, nikainama kwa unyenyekevu mwingi. Kila nikiinama, bomba linakunywa. Nimesujudu mara kumi na tisa! Mahujaji waliokuwa nyuma yangu wakanisifu.

Nikainuka. Nikatembea kama bwana mkubwa. Hatua ya tano nikasikia baridi pajani. Ya kumi, baridi gotini. Bomba lina ufa! Nikaongeza mwendo, maji nayo yakaongeza. Nilipofika lango la hekalu nilikuwa natiririka mpaka viatu, na mbele yangu kasimama Mtawa Mkuu.

Akatazama joho. Akatazama njia niliyopita, imelowa tangu kwenye chemchemi mpaka tulipo. Akanishika mkono kwa huruma, akaniuliza kwa sauti ya chini tatizo hili limenianza lini.

Ningesema nini? Nikasema limenianza wakati wa baridi.

Akanikalisha kwenye kiti, akaagiza dawa ya mizizi, chungu kupita kiasi, nikanywa mabakuli mawili mbele ya mahujaji. Halafu akawaomba wote wakiombee kibofu changu. Wakakiombea, jamani, watu thelathini kwa pamoja. Bibi mmoja alilia.

Nimerudi nyumbani bila tone. Yunniang akaanika joho wala hakuuliza. Mke wangu ana ukimya mmoja mzito kuliko kelele za kaka yake.

Shukrani: kibofu changu ni kizima. Sikuwahi kukishukuru kabla ya leo.


Siku ya 12. Siku ya Joka.

Shemeji kaleta bata. Kumi na wawili! Nikamwambia mashindano bado. Akasema anajua, shemeji, wala hana haraka, ila ameona awalete mapema wazoee nyumba. Wameshazoea. Mmoja, dume lenye doa jeusi kifuani, amelala kwenye kiti cha wateja na hataki kushuka.

Nikamwagia Mzee wa Chai birika zima.

Lakini sikilizeni! Baada ya chakula cha mchana Yunniang aliosha nywele uani. Tunatumia maganda ya mti wa sabuni, kama kila mtu. Unayaponda, unayaloweka, unasugua. Aliosha, akasuuza, akafunga nywele, akaenda kuanika nguo, akarudi, akala chungwa. Muda wote huo mimi natazama beseni lake. Povu bado lipo! Jeupe! Limeshika ukingo! Hakuna mstari wa maji!

Nikakaa chini.

Miaka mitatu nahangaika na dawa iko kwenye beseni la mke wangu!

Nikasaga maganda kidogo, nikachanganya na unga wa chai, nikapekecha kwenye bakuli la kawaida. Povu likapanda kama maziwa yanayofurika. Nikawasha udi kupima muda. Udi ukaisha, povu lipo. Nikaonja. Ladha ni ya kichwa cha mtu msafi. Haidhuru! Mashindanoni hawapimi ladha, wanatazama povu, nimeshiriki mara ngapi mimi? Bata mwenye doa akanywa iliyobaki. Akasimama akiwaza. Kisha akalia kwaa, na kipovu kimoja kikatoka mdomoni kikapaa mpaka darini.

Shukrani: nywele za Yunniang. Ni nzuri pia kwa kutazama, lakini leo nazishukuru kwa jambo kubwa zaidi.


Siku ya 13. Siku ya Nyoka.

Nimesaga kutwa. Sehemu tatu chai, sehemu moja maganda. Nimechekecha mara tano. Nimefunga kwenye karatasi, nimeficha nyuma ya Mzee wa Chai. Hakuna atakayepagusa hapo, kila mtu anaogopa kumwagikiwa.

Yunniang akauliza mbona leo nanukia usafi. Nikasema mwanamume hawezi kuwa msafi nyumbani kwake? Akasema anaweza, ila ndiyo mara ya kwanza.

Uchokozi! Bibi Xue kaniletea zawadi. Amekuja mwenyewe, taratibu, kashika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Ni upekecho wa mwanzi wa zamani, jino moja limevunjika. Akasema ni wangu, niliuacha kwake siku niliyokimbia, na amekuwa akiufuta vumbi miaka thelathini na mbili. Akasema kifundo cha mkono kinamuuma siku hizi, wakati wa mvua hawezi hata kufunga mkanda. Akaniombea heri keshokutwa.

Heri! Mpinzani hakuombei heri bure. Nimeukagua upekecho wote, nimeunusa, nimeuchoma kidogo ncha nione kama kuna uchawi. Hakuna. Ndiyo maana nina wasiwasi. Nimeutumia kufukuzia bata.

Shukrani: kifundo chake. Hapana, hilo nalifuta. Si vizuri. Nashukuru kwamba alikumbuka upekecho ulikuwa wangu. Basi.


Siku ya 14. Siku ya Farasi.

Kesho!

Yunniang leo kafungua mdomo. Alikuwa anafagia manyoya ya bata, akaacha fagio, akasema, "Mume wangu, si ungepasha tu bakuli, ukakoroga polepole? Mkono unao. Nimekuona ukikoroga ukiwa na raha, wala hakuna anayekufikia."

Nikamwambia mambo haya ni mazito, hayaelewi. Akasema labda. Kisha akauliza kuna nini kwenye kile kifurushi. Nikamwambia hakuna kifurushi chochote, na wala hakipo nyuma ya Mzee wa Chai.

Akanitazama sana. Akasema kesho atakuja kunishikia birika. Nilishtuka. Miaka mitatu hajaja. Alisema moyo wake hauwezi kunitazama nikishindwa tena. Nikamuuliza sasa umeweza? Akasema nyumba hii ya chai ni yake pia, na kama inakufa, anataka awepo.

Nikatoka nje nikajifanya nawatazama bata.

Alasiri alinituma sokoni kununua mkaa, kisha akanituma tena kununua mkaa uleule. Niliporudi alikuwa anaosha mikono, na jiwe la kusagia limelowa. Nadhani amefanya usafi. Kifurushi kipo palepale.

Shukrani: Yunniang anakuja.


Siku ya 15. Siku ya Mbuzi.

Ngoja niandike kwa mpangilio.

Uwanja wa hekalu umejaa. Meza mbili. Huku Bibi Xue, kifundo kimefungwa kitambaa. Huku mimi, Yunniang nyuma yangu na birika, na nyuma yake shemeji na kapu la ndoano. Alikuja nazo kabisa! Mtawa Mkuu katikati. Mashindano ni mabakuli matatu.

Bakuli la kwanza. Nanyoosha mkono, Yunniang ananipa bakuli langu la sungura, la moto! Alikuwa amelimwagia maji ya moto akayamwaga. Limeniunguza vidole. Nikamnong'oneza kwa ukali, "Unaniunguza, mama!" Akanong'ona, "Koroga." Sikuwa na muda wa kugombana. Nikafungua kifurushi. Unga haunuki sabuni hata kidogo, nikajisifu nilivyochekecha. Maji. Upekecho. Nilikuwa na ule wa zamani, wenye pengo, maana mpya wangu bata waliutafuna.

Povu likapanda. Si kwa fujo kama nilivyotarajia. Dogodogo, laini, jeupe. Likashika ukingo likatulia. Nikasema moyoni, maganda haya ni ya heshima. Tukangoja. La Bibi Xue likaachia kwanza! Watu wakapiga kelele. Mtu mmoja aliyekuwa miongoni mwa mahujaji siku ile akasema kwa sauti, "Na kibofu chake mnakijua!"

La pili akashinda yeye, kwa nukta. Nilikuwa nawapungia watu.

La tatu. Hili ndilo la kuamua. Nikapekecha, na nasema kweli, mkono ulikumbuka jambo fulani la zamani, nikawa sifikirii chochote. Povu likasimama. La Bibi Xue likasimama. Hata shemeji kaacha kutafuna. Na hapo ndipo Mtawa Mkuu akajipapasa tumbo, akatabasamu, akasema amefunga tangu asubuhi ili alinywe bakuli la mshindi kwa raha, kama kila mwaka.

Kama kila mwaka? Analinywa?!

Sikujua! Kila mwaka nikishashindwa huwa naondoka na hasira zangu kabla ya mwisho. Sijawahi kubaki nikaona!

Jasho lilinitoka palipo na nywele na pasipo na nywele. Mzee wa watu, miaka sabini na moja, tumbo tupu, anywe sabuni. Mbele ya mji mzima. Aliyeniombea kibofu! Picha ikanijia, kipovu kinamtoka mdomoni kinapaa juu ya paa la hekalu. Nikaamua: lazima nishindwe. Potelea mbali chemchemi, potelea mbali ndoano, nitanyonyoa bata mpaka nife, lakini mtu huyu simnyweshi sabuni.

Nikalipuliza povu. Halikutikisika. Nikakohoa juu yake. Likakaa. Nikagonga meza kwa goti, mara mbili. Limekaa tu! Nikalisihi kwa sauti ya chini, vunjika, vunjika mwanangu. Povu la Bibi Xue likaanza kunyauka pembeni, mstari wa maji ukajitokeza, mwembamba, watu wakaanza kushangilia jina langu, na Mtawa Mkuu akanyoosha mikono miwili kulipokea bakuli.

Nikalinyakua. Nikalinywa lote. Mafundo manne.

Mikono ya Mtawa Mkuu ikabaki hewani.

Ilikuwa chai! Chai tupu. Chai ambayo sijawahi kuionja katika maisha yangu, tamu nyuma ya ulimi, nzito, safi. Nikasimama na povu juu ya mdomo, sielewi.

Mtawa Mkuu akasema kwa huzuni kwamba sheria ni ya zamani kuliko yeye. Anayenywa kabla ya hekalu kupokea bakuli, amejitoa. Shemeji akatikisa kapu. Nikamtazama Yunniang. Hakulia. Alikuwa ameshika birika kwa mikono miwili, akalibana kifuani, moto vile.

Ndipo Bibi Xue akacheka. Akachukua bakuli lake kwa ule mkono mbovu, akaliinua, akalinywa lote, akalifudikiza mezani. Akapangusa midomo. Akasema, "Mtawa Mkuu, na mimi kiu ilinishika. Sasa tumejitoa wote. Itakuwaje?"

Mtawa akatazama huku, akatazama kule. Akasema katika miaka yake arobaini pale hajawahi kuona hekalu likinyimwa chai na pande zote mbili. Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka ikabidi ashikwe asianguke. Kisha akaamua: maji yatagawanywa. Leo kwa Bibi Xue, kesho kwangu, keshokutwa kwake, hivyo hivyo mwaka mzima. Na yeye apewe uji, njaa inamuuma.

Nikamfuata Bibi Xue kwenye meza yake. Nilitaka kusema mengi, nikasema mkono wako vipi. Akasema unauma. Akasema, "Hatimaye umepasha bakuli." Nikamwambia hapana, ni mke wangu, kakosea. Akamtazama Yunniang, Yunniang akamtazama yeye. Bibi Xue akasema mwalimu aliyebaki peke yake mjini na chai nzuri huishia kuinywa peke yake, na hilo amelichoka. Nikainama mpaka paji la uso likagusa meza. Safari hii sikuwa na bomba.

Shukrani: zote. Sijui nianzie wapi. Bibi Xue. Bibi Xue. Bibi Xue.


Siku ya 16. Siku ya Nyani.

Siku yangu ya chemchemi. Nimechota alfajiri, ndoo mbili, nikazibeba kama watoto.

Nikamuuliza Yunniang. Akaniambia yote huku anakatakata tangawizi, hata hakuacha kisu. Siku ya Farasi, nilipokuwa sokoni, alitoa unga wangu nyuma ya Mzee wa Chai. Alijua tangu siku ya Joka, maganda yake yalipungua na bata anatoa mapovu. Akafungua sanduku lake la harusi. Mna mkate wa chai, majani yaliyoshindiliwa yakakauka kama mkate, aliokuja nao kwangu, wa baba yake, tuliokubaliana tusiuguse mpaka tuzeeke. Akauoka, akauponda, akausaga mara mbili, akachekecha, akafunga kwenye karatasi yangu ileile. Ule unga wangu ameufulia joho.

Miaka kumi na tisa ameutunza ule mkate. Ameutumia kwa ajili yangu, na mimi nikamwambia ananiunguza!

Nililia. Naandika bila aibu, nililia mpaka bata wakanyamaza. Nikamshukuru kwa maneno, na maneno hayakutosha, nikamenya tangawizi yote iliyobaki. Akasema hataki shukrani kubwa. Anataka mawili tu: niache mipango, na nipashe bakuli. Nimeapa. Nimeapa mbele ya Mzee wa Chai, nikamwekea chungwa na ua la mpichi, nikamwomba radhi kwa maji ya moto. Kaonekana kuridhika.

Shemeji kaja kuchukua bata na ndoano zake. Akakaa akanywa chai. Akanywa ya pili! Akasema kumbe hapa pana chai. Nilitaka kumkumbatia nikamkumbatia.

Wateja: ishirini na mmoja. Wote macho.

Shukrani: mke wangu. Nitaandika hivi kila siku mpaka daftari liishe.


Siku ya 18. Siku ya Mbwa.

Mke wangu. (Nimeandika.)

Mvua tangu asubuhi. Nimepita kwa Bibi Xue kumzibia paa, nimeziba nusu, nyingine nimeitoboa kwa bahati mbaya. Nikamwona anapekecha kwa mkono wa kushoto, machozi yanamlenga kwa maumivu. Povu lake la leo ni dhaifu. Mtu aliyekunywa bakuli lake kwa ajili yangu! Siwezi kulala na jambo hili. Shukrani ya maneno ni nyepesi mno. Shukrani lazima mtu aifanye.

Nimefikiri sana. Niliapa kuacha mipango, na nimeacha. Hii si mipango, huu ni wema.

Ninavyoona mimi, kosa la unga wangu wa mwanzo lilikuwa kipimo tu. Sehemu moja kwa tatu ni nyingi, hata bata alishangaa. Sehemu moja kwa kumi, nani atajua? Povu litasimama lenyewe, kifundo chake kitapumzika, naye atadhani mkono umepona. Nimesaga kifuko kizima. Adhuhuri, alipokwenda jikoni kunipikia tambi za kunishukuru kwa paa, nilikimimina kwenye mtungi wake wa unga nikatikisa vizuri. Hatajua kamwe aliyemtendea. Hivyo ndivyo shukrani ya kweli inavyokuwa!

Kesho Mtawa Mkuu anakwenda kunywa chai kwake, na mahujaji thelathini. Watafurahi.

Bata mwenye doa amerudi peke yake, yuko kwenye kiti. Nimemruhusu. Naanza kuamini ndiye aliyeleta bahati, maana alilala karibu na kile kifurushi. Jambo lingine nisilolielewa: kila nikitaka kupekecha, Yunniang analichukua bakuli langu, bakuli safi kabisa, analisuuza kwa maji ya moto. Usafi umemzidi. Simkatazi, ni mke mwema.

Sasa hivi kauliza maganda yake ya kuoshea nywele yamekwenda wapi tena. Naishukuru Mbingu hakuniuliza mimi. Kamuuliza bata.